Uzoefu wangu na albamu za 1977: roki, panki, na ipi uanze nayo

Ukitaja panki, ile roki kavu ya kasi na hasira, na mwaka 1977, wengi watakutajia albamu moja tu, ile ya bendi ya Sex Pistols yenye jalada la manjano. Nimeisikiliza sana na bado naipenda. Lakini nimezipitia albamu za mwaka ule kwa mpangilio wa kutoka kwake, Januari hadi Desemba, na uamuzi wangu hauyumbi: albamu ya mwaka ni ya kwanza ya The Clash, na kilichoipa ushindi ni rege. Naandika kwa ajili ya msikilizaji kama mimi wa Dar es Salaam, ambaye masikio yake yamekuzwa na dansi, taarabu na rege, na ambaye kila akijaribu roki anahisi kama si yake. Mwaka huo wa 1977 ndio wa kuanzia.

Nyingi nilizisikiliza kwenye simu kwa hedifoni, usiku nyumba ikishatulia. Zenye besi nzito nilizirudia kwenye spika za sebuleni, na nakushauri ufanye hivyo hivyo, kwa sababu kispika cha simu kinaimeza besi yote na unabaki na makelele matupu.

Januari ilikuwa ya David Bowie na albamu yake Low, ambayo upande wake wa pili karibu hauna maneno. Nzuri, lakini si ya kuanzia. Februari ndiyo imejaa. Tarehe 4 Fleetwood Mac walitoa Rumours, ambayo si panki hata kidogo, na ni miongoni mwa albamu zilizouzwa zaidi duniani tangu muziki uanze kurekodiwa. Ndani ya bendi moja, ndoa ya John na Christine McVie ilikuwa imevunjika, na Lindsey Buckingham na Stevie Nicks walikuwa wameachana, ila wote wanne waliendelea kuingia studio pamoja. Buckingham akaandika wimbo wa kumwambia Nicks ashike njia yake, na Nicks mwenyewe akauitikia kwenye kiitikio. Aliyewahi kukaa kwenye taarabu na kuona watu wakipigana mipasho huku tuzo zinamiminika ataielewa albamu hii bila kufundishwa. Mimi naiweka karibu na panki kwa sababu hiyo: watu wanasemana ukweli, isipokuwa hawa wamevaa hariri.

Wiki mbili baadaye, tarehe 18, The Damned wakatoa Damned Damned Damned, albamu kamili ya kwanza ya panki ya Uingereza, kupitia kampuni ndogo ya Stiff, Nick Lowe akiwa prodyuza. Inaanza na besi peke yake, halafu ngoma za Rat Scabies zinaingia kama zimechelewa kazini. Dakika chache za kwanza zinasisimua mno. Tatizo ni kwamba baada ya nusu ya albamu nyimbo zinaanza kufanana, na nikizima sibaki na nyingi kichwani. Isikilize kwa heshima ya kutangulia, kisha songa mbele.

Mwezi huo huo New York ilituletea Marquee Moon ya Television, na hapa naomba mpenzi wa dansi atulie. Hawa walitokea CBGB, klabu ile ile ya bendi ya panki ya Ramones, lakini wimbo uliobeba jina la albamu unakaribia dakika 10. Tom Verlaine na Richard Lloyd kila mmoja ana gitaa lake, na hakuna anayemfunika mwenzake. Mmoja anauliza, mwingine anajibu, wanapishana, kisha wanapanda pamoja hadi juu kabisa na muziki unakatika ghafla kabla ya kuanza upya. Aliyelelewa na gitaa la Mbaraka Mwinshehe, akajua kumsubiri mpiga solo amalize hoja yake, hatapotea humu. Watu wanaosema panki ilikuwa ya wasiojua kupiga vyombo hawajaisikia albamu hii.

Sasa nifike nilikotaka kufika. The Clash ilitoka London Aprili 1977, imerekodiwa kwa wikendi tatu tu mwezi Februari katika studio za CBS. Nyimbo 14, nyingi za dakika mbili hivi. Paul Simonon alikuwa bado anajifunza besi. Alikuwa amepaka rangi alama za noti kwenye shingo ya gitaa lake ili ajue aweke wapi vidole. Joe Strummer anaimba kama mtu anayegombana na kondakta, maneno mengine hayasikiki, na wala hayakosekani. Sauti ni kavu, nyembamba, bila mapambo. Kampuni yao ya Marekani iliona haifai kwa redio ikakataa kuitoa, na Wamarekani wakaamua kuagiza nakala za Uingereza kwa makumi ya maelfu.

Halafu, karibu na mwisho, baada ya mbio zote hizo, wanapunguza mwendo na kupiga Police and Thieves. Huu ni wimbo wa Junior Murvin wa Jamaika, uliotengenezwa na Lee Perry mwaka 1976, kuhusu polisi na majambazi wanaowatisha raia mtaani kwa silaha. Murvin aliuimba kwa sauti ya juu, laini, kama anaomba dua. Vijana hawa wa London hawakujaribu kumwiga. Vaa hedifoni usikie walivyoupanga: gitaa moja linapiga juu ya pigo lenyewe, kwa ukali wa roki, jingine linakata katikati ya mapigo kama rege inavyotaka, na besi ya Simonon inatembea chini yao bila haraka. Unachukua dakika sita, mara tatu ya nyimbo za jirani zake, na sijawahi kuuruka.

Haukuwa mzaha wala utalii. Simonon alikulia kati ya majirani Wajamaika kusini na magharibi mwa London. Yeye na Strummer walikuwepo kwenye kanivali ya Notting Hill Agosti 1976, polisi na vijana weusi walipopambana, na picha ya polisi wakikimbilia watu siku ile ndiyo iliyo nyuma ya jalada. Kwenye klabu ya Roxy, DJ Don Letts, ambaye wazazi wake walitoka Jamaika, alikuwa akipiga rege kati ya bendi na bendi kwa sababu santuri za panki zilikuwa bado chache mno. Kwa hiyo panki ya London ilijifunza kupumua kwa rege tangu mwanzo. Ndiyo maana nasema mtu wetu, ambaye rege anaijua toka utotoni, ana haki yake humu.

Na rege ilijibu. Bob Marley, baada ya kupigwa risasi Kingston Desemba 1976, alihamia London kwa muda, na Exodus ikatoka tarehe 3 Juni 1977. Jamming, Waiting in Vain, Three Little Birds: hakuna haja ya kumwelezea mtu wa Dar nyimbo hizi. Asichojua mwenye albamu hiyo ni kwamba nyuma ya santuri ndogo ya Jamming kulikuwa na Punky Reggae Party, ambamo Marley anawataja The Clash, The Damned na The Jam kwa majina na kuwakaribisha. Isikilize mara tu baada ya Police and Thieves. Nilipozipanga hivyo nilisikia mazungumzo ya watu wawili waliokuwa wakiheshimiana, na albamu zote mbili zikanikolea zaidi.

Mwaka ule Malkia Elizabeth alikuwa akisherehekea miaka 25 kwenye kiti cha ufalme, na Sex Pistols walitoa wimbo wa kumkejeli mwezi Mei. BBC ikaupiga marufuku, ukafika namba 2 kwenye chati ya Uingereza. Kabla ya hapo kampuni ya rekodi ya EMI ilishawatimua, na nyingine, A&M, ikawafukuza siku chache baada ya kuwasainisha. Albamu yenyewe, Never Mind the Bollocks, ilitoka tarehe 28 Oktoba kupitia Virgin na kupanda hadi namba 1. Novemba meneja wa duka la Virgin mjini Nottingham alifikishwa mahakamani kwa kuiweka dirishani, kisa neno lile Bollocks la kwenye jalada, ambalo ni tusi la Kiingereza, na akaachiwa huru.

Vurugu hizo zimewafanya watu wasahau kusikiliza. Prodyuza alikuwa Chris Thomas, fundi aliyewahi kushiriki kuchanganya sauti za Pink Floyd. Steve Jones alirekodi gitaa juu ya gitaa juu ya gitaa, na besi nyingi akapiga yeye kwa sababu Sid Vicious hakuiweza. Matokeo ni ukuta mnene, uliojengwa kwa subira. Ukiiweka kando ya The Clash utashangaa kuwa hii ya wakorofi ndiyo iliyong'arishwa zaidi. Naipa alama za juu kwa nguvu na kwa sauti ya Johnny Rotten, lakini haibadilishi mwendo, na nikifika wimbo wa nane masikio yananiomba mapumziko.

Tarehe hiyo hiyo, 28 Oktoba, Queen walitoa News of the World. Na si tarehe tu: bendi hizi mbili zilirekodi katika studio ile ile ya Wessex, London, nyakati zilezile. Upande mmoja wa jengo panki iliyowabeza mastaa wakubwa, upande wa pili Freddie Mercury, yaani Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1946. Kinachonifurahisha ni kwamba Queen walisikia wanachoambiwa. Albamu iliyotangulia ilikuwa imejaa mapambo, hii imevuliwa. We Will Rock You haina ngoma, ni vishindo vya miguu kwenye mbao na makofi, sauti ya Mercury, na gitaa la Brian May linalongoja hadi mwisho kabisa. Dakika mbili. Ukiondoa majina, ni wazo la panki lililofanywa na watu wenye uwezo mkubwa, na viwanja vya mpira vya dunia nzima vinalipiga hadi leo. Albamu kwa ujumla haina mshikamano, nyimbo chache za upande wa pili naziruka, lakini ufunguzi wake sijasikia mwingine wa kuushinda mwaka ule.

Novemba Ramones walileta Rocket to Russia, ya mwisho ya studio kwa Tommy Ramone kwenye ngoma kabla ya kumwachia kiti mwenzake. Ndiyo ya furaha kuliko zote; ukiwa na siku mbaya, hiyo. Wire walifunga mwaka na Pink Flag, nyimbo 21 ndani ya dakika zipatazo 35, baadhi hazifiki hata dakika. Inadai uvumilivu, lakini inalipa.

Lalamiko langu kubwa ni wanawake. Mwaka huu uliojaa maneno ya uhuru haukuwapa wasichana wa panki wa London nafasi ya kutoa albamu. Poly Styrene wa X-Ray Spex, binti wa baba Msomali na mama mzungu, alitoa santuri ndogo ya moto mwaka huo, na akasubiri hadi 1978 ndipo albamu ya bendi yake ikatoka. The Slits walisubiri hadi 1979. Ukimaliza mwaka huu, nenda kwao moja kwa moja.

Sasa ya kuzingatia kabla hujamaliza bando. The Clash ina matoleo mawili. La Marekani la 1979 liliondoa nyimbo nne za awali na kuingiza nyingine, nzuri zenyewe lakini zilizorekodiwa baadaye. Tafuta la Uingereza lenye nyimbo 14. Mwisho wake uwe Garageland, na kabla yake tu Police and Thieves na 48 Hours. Matoleo mengi ya mtandaoni yamebebeshwa nyimbo za ziada mwishoni, majaribio na rekodi za jukwaani. Zima pale albamu ya asili inapoishia. Punky Reggae Party haikuwa kwenye Exodus ya kwanza, kwa hiyo itafute peke yake au kwenye toleo lililoongezwa. Na kama una muda wa albamu tatu tu, chukua The Clash, kisha Exodus, kisha Marquee Moon, kwa mpangilio huo.