Ndege ya Songwe–Dar msimu wa mvua: uzoefu wangu, na siku ambazo basi ni bora

Nyota tatu kati ya tano kuanzia Desemba hadi Aprili. Nyota nne na nusu kuanzia Julai hadi Oktoba. Ndege ni zilezile na wahudumu ni walewale, tofauti yote inaletwa na wingu.

Njia hii nimeitumia misimu kadhaa ya mvua, kwa mashirika zaidi ya moja, kwa hiyo sitaji shirika. Ninayoyaeleza yanamkumba yeyote anayetua Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya. Kila ikifika Desemba watu wa Mbeya wanaulizana: nikate tiketi ya ndege au nipande basi? Kabla ya kumjibu mtu, nami humuuliza: ukichelewa siku nzima, unapoteza nini? Kama unapoteza usiku mmoja wa kukaa na ndugu zako Dar, panda ndege bila wasiwasi. Kama unapoteza miadi ya daktari uliyoisubiri miezi mitatu, usaili wa viza au ndege ya kwenda nje, basi ondoka na ndege siku mbili kabla, au panda basi la usiku. Bei ya tiketi isikuamulie jambo hili.

Tuanze na chanzo cha tatizo. Uwanja wa Songwe ulifunguliwa Desemba 2012 kuchukua nafasi ya ule wa zamani uliokuwa ndani ya jiji. Barabara yake ya kurukia inazidi kilomita 3, kwa hiyo urefu hausumbui. Uko mita 1,300 na ushee juu ya usawa wa bahari, na milima haiko mbali. Mvua ikinyesha jioni, ardhi inalala imelowa. Usiku hewa inapoa, upepo unatulia, na alfajiri unyevu wote unageuka ukungu unaokaa chini kabisa. Jua likipata nguvu, kuanzia saa tatu kwenda saa nne asubuhi, ukungu unapanda na kuachia. Siku za mawingu mazito hauachii mpaka saa sita.

Rubani anapokuja kutua ana kimo alichopangiwa. Akikifikia hajaona barabara ya kurukia, sharti apandishe ndege. Hapo hapana ujasiri wala uzoefu unaobadilisha kitu. Atazunguka kusubiri, lakini mafuta yake yamepigiwa hesabu: ya kufika, ya kwenda uwanja wa akiba, na ya dakika 30 juu ya hayo. Akikaribia hesabu hiyo anageuza, mara nyingi kurudi Dar. Ndiyo maana abiria waliokaa ukumbini Songwe huisikia ndege ikinguruma juu ya vichwa vyao, mlio unazunguka mara mbili tatu, kisha unafifia. Watu wengine hudhani taa za uwanjani zingemaliza tatizo hili. Taa zinashinda giza. Wingu likikaa futi 200 kutoka ardhini, taa inaonekana umeshachelewa.

Kwa hiyo chagua saa kabla ya kuchagua shirika. Msimu wa mvua, ndege ya alfajiri ndiyo inayofutwa au kugeuza zaidi, na ya saa tisa alasiri kuendelea inakutana na radi. Dirisha ninaloliamini ni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ukiona ratiba ina ndege ya saa tano na inazidi ile ya alfajiri kwa shilingi elfu thelathini, lipa hiyo elfu thelathini. Na unapomkatia tiketi mzazi, msomee saa mwenyewe: tiketi ikiandika 06:40 maana yake ni saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Wazee wanaachwa na ndege kwa kosa hili tu.

Asubuhi ya safari usikae unabahatisha kwa kuchungulia dirishani. Anga la Uyole au Mwanjelwa halikuambii kitu kuhusu Songwe. Mjini kunaweza kuwa kweupe na uwanjani kumeziba, na kinyume chake. Tafuta ripoti ya uwanja inayoitwa METAR, inapatikana bure mtandaoni kwa kuandika HTGW, ambayo ni alama ya Songwe. Inaonekana kama maandishi ya kichawi lakini vitu vya kusoma ni vitano. Mfano wa mstari mbaya ni huu: HTGW 080400Z 00000KT 0800 FG BKN002 15/15. Ile 0400Z ni saa ya kimataifa, ongeza tatu upate saa yetu: saa moja asubuhi. 00000KT ni kwamba upepo hakuna, hivyo ukungu hausukumwi. 0800 FG ni ukungu mzito, macho yanafika mita 800 tu. Ukiona BR badala ya FG, ni ukungu mwepesi, macho yanafika kilomita moja au zaidi. BKN002 ni wingu lililofunika sehemu kubwa ya anga kwa futi 200, yaani kama mita 60. Namba za mwisho, 15/15, ni joto la hewa na kiwango cha joto ambacho unyevu huanza kugeuka matone. Zikilingana, ukungu haujaanza kuondoka. Ripoti inayofuata ikisoma 18/15, na BKN002 imekuwa BKN010, anza kuvaa viatu.

Cha pili cha kuangalia ni ndege yenyewe iko wapi. Ndege itakayokutoa Songwe asubuhi ndiyo inayotoka Dar na abiria wa kuja huku. Jeti inatumia saa moja na dakika ishirini hivi, ya mapangaboi inazidi hapo. Fungua programu ya kufuatilia ndege kwenye simu. Kama unatakiwa kuruka saa tano na mpaka saa nne ndege yako bado imeegeshwa Dar, hata kama ujumbe wa kuchelewa haujaja, umechelewa. Ukiiona kwenye ramani inachora mduara juu ya Mbeya, inasubiri ukungu uachie.

Lakini mambo haya yote yanakuja baada ya muda muhimu kuliko yote kupita, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Uamuzi wa ndege au basi unafanywa saa kumi jioni ya siku iliyotangulia, kwa sababu mabasi ya usiku ya Dar yanaanza kuondoka jioni hiyo. Piga hesabu: ndege ya saa tatu asubuhi inatangazwa kufutwa saa tano. Mabasi ya alfajiri wakati huo yameshapita Makambako. Kilichobaki ni basi la jioni, litakalokufikisha Mbezi kesho yake asubuhi. Ukungu uliodumu saa mbili tu umekula karibu saa 24 zako. Hivyo saa kumi jioni angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, uliza kama ndege ya siku hiyo ilitua, kisha amua. Kama leo ilishindwa na usiku huu mvua inanyesha, mimi mwenye miadi ya kesho naelekea stendi ya Nanenane.

Na usidhani ndege ya leo ikifutwa utapanda ya kesho. Desemba watu wanarudi nyumbani Mbeya, Rungwe, Kyela na Mbozi, na Januari wanarudi mjini, kwa hiyo ndege zimejaa. Ndege ya mapangaboi inayotumika sana kwenye njia za ndani ina viti 76. Ikifutwa ikiwa imejaa, na ndege zinazofuata zina viti vitano hapa, vinane pale, watu 76 wanamalizika baada ya siku kadhaa, isipokuwa shirika lilete ndege ya ziada. Miaka ya karibuni ndege za akiba zimekuwa adimu duniani kote: injini za Pratt & Whitney zinazofungwa kwenye Airbus A220 ziliharibika mapema kuliko ilivyotarajiwa, na jeti nyingi zikaegeshwa zikisubiri vipuri. Kwa hiyo tangazo likitoka, nenda kaunta papo hapo huku ukipiga simu ya huduma kwa wateja kwa wakati uleule. Anayeanza kulaumu kwanza anawapisha wenzake kwenye foleni.

Upande wa tiketi yapo mambo ambayo hayaandikwi kwenye tangazo. Wakala wengi wanajaza namba yao ya simu, si yako. Ujumbe wa kufutwa kwa ndege unamfikia yeye amelala, wewe uko kwenye teksi Mbalizi. Mwambie aweke namba yako, kisha hakikisha mwenyewe kwa kufungua tiketi mtandaoni. La pili: ukiamua kupanda basi, badilisha au sitisha tiketi kabla ya muda wa ndege kuondoka. Usipotokea kaunta kimyakimya, mara nyingi unapoteza nauli, na kama ni tiketi ya kwenda na kurudi, safari ya kurudi nayo inafutwa. Shirika likifuta lenyewe, hali ni nyingine: unachagua tarehe mpya au kudai nauli yako. Kwa hiyo usijitoe mapema kwa hasira. Subiri watamke, piga picha ya ujumbe au ubao, ndipo uondoke. Fedha hurudi kwa njia ileile uliyolipia, na ikipitia kwa wakala inachukua muda zaidi. Ukizungushwa, lipo baraza la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga chini ya TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Wapelekee malalamiko ukiwa na hizo picha.

Mwenye ndege ya nje, tafadhali nunua safari yote kwenye tiketi moja. Ukinunua Songwe–Dar kivyake na Dar–Dubai kivyake, ya kwanza ikichelewa shirika la pili halina deni nawe.

Barabara ya kwenda uwanjani nayo ihesabiwe. Upanuzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, kilomita 29, unapita katikati ya safari yako, na malori ya Tunduma yapo palepale. Mvua ikinyesha kwenye michepuko ya tope, kutoka Kabwe mimi najipa saa mbili kamili.

Basi lina tabu zake, nisilisifie. Kilomita zaidi ya 800, saa 12 mpaka 14 mambo yakienda vizuri. Kwenye mlima wa Kitonga lori likizimika kwenye kona, pande zote mbili zinasimama na hakuna njia ya pembeni. Lakini tofauti kubwa ni hii: basi likikwama bado unasogea kuelekea Dar, ndege ikifutwa bado uko Songwe. Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kutembea usiku, na hilo ndilo lililoifanya mipango hii iwezekane. Treni ya TAZARA iache kwa safari ya starehe, haiondoki kila siku.

Kwa walioko Njombe na Makambako, kuja Songwe msimu wa mvua ni kuongeza hatari juu ya hatari; pandeni basi hapohapo. Iringa mna njia ambayo sisi tunaionea wivu: basi hadi Dodoma, kama kilomita 260, kisha treni ya SGR mpaka Dar. Ukungu hauisumbui.

Mgonjwa asiyeweza kukaa saa 14 kwenye kiti hana uchaguzi, ni ndege. Mpeleke siku mbili kabla, na mjulishe shirika mapema kama anahitaji kiti cha magurudumu au oksijeni, kwa sababu fomu ya daktari haijazwi kaunta asubuhi ya safari.

Begi la mkononi, kilo 7, lipangwe kana kwamba utalala njiani: dawa za siku tatu, chaja, kitambulisho, sweta. Mchele wa Kyela na maparachichi yaingie kwenye begi kubwa, na kile kipande cha karatasi wanachobandika kwenye tiketi kitunze. Ndege ikifutwa mizigo imeshapokelewa, hicho ndicho kitakachokurudishia begi lako kabla hujalikimbilia basi la jioni.