TAHADHARI: Kuna jamaa anauza vitoto vya kobe hapa Nairobi, usimtumie hata shilingi

Wadau someni hii yote na mtumie wenye watoto nyumbani, hao ndio anawinda. Kuna jamaa anauza vitoto vya kobe kwa stetas na kwa magrupu ya mitaa ya Eastlands, na sasa nasikia amefika mpaka Rongai na Kitengela. Picha zake utazijua tu, karai la bluu, slaisi ya nyanya, vitoto vitatu vinne vya kobe wa madoa, na chini ameandika hana kelele, hana gharama, ako na karatasi zake. Bei ni 4,500, ukilia kidogo anashuka 3,500.

Alimpata jirani yangu wa plot, mama wa watoto wawili. Mimi naingia hapa kwa sababu nafuga sungura na watu wa plot walishaamua mimi ndio daktari wa kila kitu chenye miguu minne, kwa hivyo kila jioni nilikuwa naitwa kuangalia huyo kobe, na meseji zote nimezisoma kwa simu ya mama mwenyewe. Yeye ndiye ameniambia niandike.

Mchezo uko hivi. Video unayotumiwa kobe anatembea, macho wazi, anang'ata nyanya. Mnapatana nje ya Archives, lile jengo la kumbukumbu za taifa katikati ya mji, saa saba mchana, jua linawaka, anakuja na boksi ya viatu, anafungua kidogo, kobe anasongasonga, unalipa, jamaa anapotea kwa watu. Anakuambia kobe ako na miezi sita. Sasa mimi nilimgeuza huyo kobe nikaangalia tumbo na alama ya kitovu ilikuwa bado laini, pale kiini cha yai huwa kimeshikana na mtoto, na kwa ncha ya pua kale kajino ka kupasulia yai bado kalikuwa hapo. Miezi sita ya wapi? Huyo ametoka kwa yai juzijuzi, na mimi siamini kuna mahali anazalishwa, kwa sababu mayai ya hawa kobe hukaa mchangani miezi nane, kumi, mengine hupita mwaka, na sijaona mkora mwenye subira hiyo. Wanaokotwa tu huko porini.

Hiyo ilikuwa mwezi wa saba, mnajua baridi ya Nairobi ya mwezi wa saba. Usiku wa kwanza kobe akalala kwa boksi juu ya tiles na asubuhi hakuamka. Macho yamefunga, miguu inaning'inia nje ya gamba, ukiigusa hairudishi ndani, na ukimbeba ni mwepesi kama ganda la njugu. Kobe mzima ukimgusa mguu anauvuta ndani saa hiyo hiyo, mdogo hivyo hata anasukuma vidole vyako na nguvu unashangaa.

Mama akampigia jamaa. Jibu nalinakili vile lilivyo: "Usijali mathe huyo analala msimu wa baridi, muweke kwa kabati yenye giza ataamka September."

Huo ndio uongo ulinifanya nikasirike kabisa. Kuna kobe wa nchi za baridi, Ulaya huko, ambao kweli hulala msimu mzima. Huyu wetu wa madoa halali msimu. Kobe hana joto lake mwenyewe, anachota la nje, sasa ukimweka mahali usiku unashuka hadi nyuzi 12 mwili unapunguza kila kitu, chakula kinakwama tumboni bila kusagwa, anakauka maji, halafu kifua kinashika na unaanza kuona mapovu puani. Mkubwa wa kilo 10 anaweza kuvumilia usiku wa baridi, kitoto cha kutoshea kiganjani hakina hiyo akiba. Ukifuata ushauri wa kabati, September utafungua na kutoa gamba.

Sasa hapo ndio mlango wa pili wa kukula pesa unafunguka. Mama aliposema hapana huyu anakufa, jamaa akawa mpole, akamtumia namba ya "daktari wa kobe". Daktari akaitisha 1,500 ya ushauri na 2,000 ya sindano. Mama alipoweka hiyo namba kwa M-Pesa, kabla pesa haijatoka jina likatokea, na lilikuwa jina lile lile la muuzaji, herufi kwa herufi. Mtu mmoja laini mbili. Tafadhali hiyo sekunde ya jina kutokea msiiruke, wengi wetu tunabonyeza tu kwa mazoea.

Na "daktari" huyo kabla hajagunduliwa alikuwa ameshatoa ushauri wa bure. Mpe maziwa na mkate, halafu enda agrovet (duka la dawa za mifugo) ununue ivermectin, dawa ya minyoo ya ng'ombe na mbuzi, umdunge kidogo atoe minyoo. WATU WANGU. Ivermectin ni sumu kwa kobe. Kwa ng'ombe ni dawa nzuri, kwa kobe inalegeza misuli yote, anapooza, anaweza kuacha kupumua kabisa, na hawa wetu wa madoa ni kati ya wale inawadhuru vibaya. Na inauzwa kila agrovet bila kuulizwa swali, ndio maana nimeandika kwa herufi kubwa. Maziwa pia kobe hawezi kusaga, na mkate hauna kitu kwake.

Tulichofanya usiku huo nakiandika kwa sababu najua kuna mtu anasoma hii na kobe amelala kwa meza mbele yake. Kwanza ni joto, chakula baadaye. Tulichukua boksi kubwa, upande mmoja tukaweka chupa ya maji moto imezungushiwa taulo, upande wa pili tukaacha bila, ili akisikia joto limezidi asogee mwenyewe, na chupa unabadilisha ikipoa. Usimweke juu ya jiko wala kwa oveni, nimeulizwa hiyo swali na mtu mzima. Akishapata joto kidogo unamweka kwa bakuli la maji vuguvugu, yasipite kidevu, kichwa kiwe juu ya maji muda wote, dakika 15 hadi 20, unakaa hapo hapo usiende kupika. Kobe mchanga akikauka maji hiyo bakuli inamsaidia kuliko kitu kingine utakachokuwa nacho nyumbani. Wetu aliingiza pua ndani akakaa kimya, nikadhani amezama, kumbe anakunywa, koo inapanda na kushuka polepole, halafu akakojoa kitu cheupe kama uji ndani ya bakuli la mama. Hiyo nyeupe ni kawaida, ni mkojo wao. Ukiona imekuwa ngumu ya kukwaruza kama mchanga ndio ujue alikaa muda mrefu bila maji.

Halafu unamfuta unamrudisha kwa joto. Usimfungue mdomo kwa nguvu umlishe akiwa baridi, hicho chakula kitaozea ndani. Kesho yake jua likitoka mtoe nje kabisa, kivuli kiwe karibu, kwa sababu jua la kupitia kioo cha dirisha halimsaidii mifupa, kioo kinazuia ule mwanga anaohitaji kutengeneza vitamini D. Akianza kula ni nyasi na majani ya magugu ambayo hayajapigwa dawa, si nyanya kila siku vile jamaa anafanya kwa picha. Mapovu puani, macho yamevimba, au gamba linabonyea ukibonyeza, hapo bakuli la maji halitoshi, tafuta daktari wa kweli. Daktari wa wanyama Kenya lazima awe amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, muulize namba yake ya usajili, wa kweli hatakasirika. Kuna kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, na KSPCA, shirika la kutetea wanyama, wako Lang'ata Road upande wa Karen, hao wanaweza kukuelekeza.

Turudi kwa jamaa. Mama alipomwambia ameona jina na anataka pesa yake, ujumbe uliofuata ndio ulinionyesha biashara yake inasimama juu ya nini. Akaandika, "Ukiendelea kunisumbua napigia KWS, kobe ako kwako mimi sina kitu." KWS ni shirika la serikali la wanyamapori, na hapo wengi wananyamaza. Hiyo ndiyo sababu hamjasikia habari zake, si ati mmekuwa na bahati, waliolia ni wengi lakini wanaogopa kusema. Anakuuzia kitu ambacho ukikishika tu wewe ndio uko na makosa, halafu anakutishia nacho. Ile "karatasi" anayotoa ni kitu ameprint cyber, ina nembo imefifia, na haina jina la mnunuzi. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013 huwezi kuweka mnyama wa porini nyumbani bila kibali, na kibali kinatoka KWS kwenyewe baada ya wewe kuomba, hakiuzwi pamoja na mnyama kwa boksi ya viatu. Na msidhani kwa sababu ni kadogo hakuna mtu anajali. Mwaka 2025 vijana wawili kutoka Ubelgiji walipigwa faini ya milioni moja kila mmoja hapa Kenya kwa sababu ya chungu, wale wadudu. Chungu! Sembuse kobe.

Kwa orodha yake kuna hata "kobe chapati" wa 15,000, yule bapa anayejibana kwa nyufa za mawe kule Mwingi na Tharaka. Huyo ni kati ya walio hatarini kabisa kuisha duniani, na tangu 2019 biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku. Sijui kama kweli anaye ama ni picha ameiba mahali, vyovyote vile kaa mbali.

Mama alifanya hivi. Alipiga skrinshoti za kila kitu kabla jamaa hajafuta, video, bei, vitisho, meseji za M-Pesa, kisha akapigia KWS mwenyewe akaeleza, na kobe akapelekwa makao yao makuu Lang'ata Road akiwa kwa boksi yake na chupa ya maji moto. Waliandika maelezo, wakamchukua. Aliulizwa maswali ndiyo, na wewe utaulizwa, lakini ile nguvu ya jamaa ya kumtishia iliishia hapo kwa meza. Usimpeleke kobe kumwachilia Karura ama Ngong Forest usiku ukidhani umemsaidia, akiwa mgonjwa anaambukiza wa huko, na akiwa dhaifu hivyo hamalizi wiki.

Pesa haijarudi. Ukijaribu kurudisha kwa Safaricom fanya haraka, forwadi ile meseji ya M-Pesa kwa 456, lakini akishatoa huwa ngumu. Na kuna kitu kimoja ambacho amejaribu kwa mtu mwingine wa mtaa wetu wiki hii: anakubali kurudisha pesa, ila eti kwanza umtumie kobe kwa boda, na nauli ya boda ulipe wewe. Usikubali, pesa haitakuja na kobe ataenda kwa mtu mwingine akiwa amezidi kuwa mgonjwa. Kama ulimtumia pesa na bado una zile meseji usizifute, peleka KWS ama polisi, ili wakiuliza kama kuna wengine mama asiwe peke yake.