Tahadhari: "nibu ya dhahabu inayotanuka" ni nibu ya kuchovya iliyopakwa rangi

Ndugu zangu wa kalamu za wino, someni hii kabla hamjalipa. Kuna mtu anauza mtandaoni kalamu "zilizofanyiwa kazi kwa mkono" kwa ajili ya kaligrafia, na mimi nimeshapigwa. Jina lake silitaji, na hata ningelitaja lisingewasaidia, maana tangu nianze kumfuatilia ameshatumia akaunti tatu. Habadilishi bidhaa, wala maneno, wala picha.

Tangazo lenyewe linasema hivi: kalamu ya Jinhao (chapa ya Kichina), modeli ya X450 au X750, iliyotolewa nibu yake ya kawaida, yaani ile ncha ya metali inayoandika, na kuwekwa nibu ya zamani ya dhahabu ya 14K (karati 14), yenye mstari unaoanzia wembamba wa unywele na kufika milimita 2 ukikandamiza. Chini yake kuna video ya mkono unaoandika Copperplate, ule mwandiko wa mapambo wa mistari minene na myembamba. Mstari unaposhuka unanenepa, unapopanda unakonda, na herufi zinang'aa kwa wino mweusi mzito. Nikaiangalia mara kumi. Pale pale ningepaswa kushtuka, kwa sababu hata kalamu ya Pilot Falcon, inayosifiwa kwa ulaini wake, haitanuki namna ile. Nibu za zamani zinazofanya hivyo zipo, ila mwenye nayo anajua thamani yake na hawezi kuipachika kwenye kalamu ya bei ya chini. Lakini moyo ukishapenda, akili inakaa pembeni. Nikalipa mara sita ya bei ya kalamu hiyo ikiwa mpya.

Mistari minne ya kwanza ilikuwa mizuri, kusema kweli. Wa tano ukapasuka: ncha mbili za nibu zikatanuka, wino ukashindwa kujaza katikati, nikabaki na kingo mbili sambamba kama njia ya reli. Nikangoja, nikajaribu tena, ikawa vile vile. Halafu nikaiweka kalamu mezani kwa dakika chache, nilipofungua kofia nikakuta wino umejaa ndani yake. Kalamu moja, magonjwa mawili yanayopingana: inakauka ukiandika, inavuja ukiiacha.

Nikashika nibu na ulimi wake kwa kipande cha mpira, nikavuta moja kwa moja bila kuzungusha. Nikavitazama kwa lenzi. Ulimi, yaani ile plastiki ya chini inayoleta wino kwenye nibu, ulikuwa umechimbwa kwa wembe. Kuongeza kina cha mfereji wa ulimi ni jambo la kawaida kwa wanaorekebisha kalamu, maana nibu inayotanuka inakunywa wino mwingi. Huyu alichimba kama analima shamba: mfereji umepinda, na yale mapezi ya pembeni yanayozuia wino wa ziada yamekatwa hovyo. Hapo ndipo uvujaji ulipotokea. Joto la mkono linapanua hewa ndani ya kalamu, hewa inasukuma wino, na hakuna tena cha kuuzuia.

Nibu nayo ilikuwa na sehemu iliyosuguliwa pale ambapo chapa hukaa, na juu yake "14K" imekwaruzwa kwa mkono. Nina nibu kadhaa za Zebra G za kuchovya, yaani za kuchovywa kwenye chupa ya wino kila mara, zile zinazotumiwa sana na wachoraji wa manga (vibonzo vya Kijapani). Nikaweka moja pembeni yake: mgongo ule ule, urefu ule ule. Nikachukua sumaku ya mlango wa friji. Nibu ikaruka na kunasa. Dhahabu hainaswi na sumaku, jamani. (Ila kumbukeni kwamba kutonaswa nako si ushahidi wa dhahabu, kwa kuwa kuna chuma kisichoshika kutu ambacho sumaku haikiwezi.) Nilipoifuta kwa kitambaa chenye unyevu, umanjano ukabaki kwenye kitambaa. Wiki mbili baadaye kutu ikaanza kuzunguka tundu la katikati ya nibu.

Hapa niwe mkweli, nisije nikaonekana napinga kitu ambacho wengi wetu tunakifanya. Kupachika nibu ya G kwenye kalamu inayochukua nibu namba 6 (namba ya ukubwa) ni mchezo wa siku nyingi, na nimeshaufanya mwenyewe. Unajua kabisa kwamba nibu ya kuchovya haina ile punje ngumu nchani, hivyo inalika na kukwaruza karatasi. Unajua pia kwamba haikutengenezwa kukaa ndani ya wino usiku na mchana, kwa hiyo utaitupa na kuweka nyingine. Angeandika hivyo kwenye tangazo, wapo ambao wangenunua kwa furaha. Kosa lake ni kuita chuma dhahabu, na kuita kitu cha wiki chache urithi wa babu.

Nikarudi kwenye video, safari hii nikiisimamisha kila baada ya sekunde. Nibu inayolishwa kutoka ndani huwa kavu mgongoni, au ina wino kidogo tu uliotambaa kando ya mpasuko, kwa sababu wino unapita chini. Ya kwake ilikuwa imelowa mgongo wote, mpaka juu ya tundu. Ilichovywa chupani! Na kila baada ya maneno mawili matatu picha inakatwa, inarudi ikiwa karibu zaidi, na nibu imelowa upya. Mimi nilidhani ni ufundi wa kuhariri.

Halafu kuna "zawadi". Kifurushi kinakuja na kichupa cha wino wa bure. Usiuweke kwenye kalamu yoyote unayoipenda. Ni wino mzito wa kuchovya, na ukikauka unang'aa kama vanishi. Wino wa aina ya India huwa na masizi na gundi ya shelaki, na ukishakauka kwenye mfereji wa ulimi maji hayautoi. Nilipolalamika, swali lake la kwanza lilikuwa, "Umetumia wino gani, mteja wangu?" Nikamjibu ni ule ule ulionipa. La pili: "Basi umekandamiza sana." La tatu sijaliona, kwa sababu alinizuia.

Pesa sijarudishiwa. Aliniomba nilipe nje ya jukwaa la mauzo, kwa njia ya kutumiana pesa kama ndugu na marafiki, eti tukwepe makato. Njia hiyo haina ulinzi kwa mnunuzi, na yeye anajua.

Mwenzetu mmoja anayeandika khati ya Kiarabu naye ameniandikia. Aliagiza nibu iliyokatwa mshazari, akaletewa nibu ya kawaida ya milimita 1.5 yenye ncha iliyonyooka kama patasi. Jibu alilopewa: "Igeuze mkono, itazoea." Nibu haizoei, kaka. Pembe ya mkato ndiyo inayoamua wapi herufi inanenepa.

Kama bado mnataka kununua nibu iliyosagwa (ncha yake imechongwa upya kubadili umbo) au kubadilishwa na mtu binafsi, na mafundi waaminifu wapo, ombeni video moja isiyokatwa inayoanza kalamu ikiwa imefunikwa, kisha aandike ukurasa mzima. Muulizeni nibu ni ya nani na ilikuwa upana gani kabla hajaisaga. Akisema ni namba 6, muulize ya JoWo au ya Bock, watengenezaji wawili wa nibu wa Ujerumani, kwa sababu nyumba zake (vile vishikizo vinavyobana nibu na ulimi) haziingiliani japo namba ni moja. Akisema dhahabu, mwambie apige picha ya chapa kwa karibu: 14K mara nyingi huandamana na 585, na 18K na 750 (sehemu za dhahabu katika kila elfu). Mkiona 18KGP, huo ni utando mwembamba wa dhahabu juu ya chuma, basi. Fundi wa kweli akiulizwa haya huwa hanyamazi, shida ni kumnyamazisha.

Akaunti yake ya sasa ina picha zile zile: kitambaa cha kijani mezani, kalamu imelala kwa mshazari, na nyuma yake kikombe cheupe chenye ufa unaoshuka kutoka ukingoni mpaka kwenye mpini. Kwenye akaunti zote tatu kikombe ni hicho hicho.