Lebo inasema Isochrysis, ndani kijani kibichi

Isochrysis, mwani mdogo mno ninaowalisha kopepodi wangu (vijidudu vya baharini vya kulishia samaki wachanga), ina rangi ya asali. Ukiinua chupa kwenye mwanga ukaona kijani cha mchicha uliosagwa, hiyo siyo, lebo iandikwe vyovyote. Nimeletewa Malindi chupa mbili za namna hiyo, na nilipompigia muuzaji (simtaji) akanijibu: "Mwani ni mwani, bwana. Walishe tu." Akakata simu.

Mwani si mwani! Weka tone kwenye hadubini, ukuzaji wa mara 400. Isochrysis ina maikroni 4 hadi 6 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) na inaogelea kwa vijimkia viwili. Nilichouziwa ni vitufe vya maikroni 2 au 3 vinavyotetemeka papo hapo: mwani mwingine, Nannochloropsis. Ni vidogo mno, ukuta wa seli ni mgumu kumeng'enywa, omega-3 ya EPA imejaa lakini ile ya DHA karibu hakuna. Kopepodi wangu, Parvocalanus, hutegemea chakula kumpa DHA hiyo. Akiikosa hutaga mayai machache, na lava wa samaki atakayemla naye ataikosa. Baada ya siku kadhaa kwenye chujio la maikroni 38 sikuona naupli (watoto wa kopepodi) wa maana, wakubwa tu, tena wamelegea.

Kisha akatuma ujumbe kusingizia maji ya Sabaki. Ni kweli mto ukifurika bahari ya Malindi hugeuka tope na chumvi hushuka. Lakini maji haya yalitekwa Watamu, yakachujwa, refraktomita ya kupimia chumvi ikasoma 34 kwa elfu. Maji hayana kosa.

Nimseme kwa haki: mwani wenyewe ulikuwa hai na safi, bila siliati (vijidudu vinavyoingilia mwani) hata mmoja. Mwenye rotifa, vijidudu vingine vya kulishia samaki wachanga, ataufurahia. Hata Tisbe, kopepodi anayetambaa chini akila kinachotuama, atafaidika ukimchanganyia na mwani wa Tetraselmis. Basi nyota tatu.

Hapana, moja. Kukuza Isochrysis upya kutoka mililita 50 hadi lita kadhaa ni wiki nzima au zaidi, na kopepodi hawasubiri wiki. Wala usidhani utaziba pengo kwa mwani wa Rhodomonas: kopepodi Acartia huipenda sana, ila joto letu huiua usipokuwa na chumba cha baridi.

Kabla ya kutuma pesa, mwambie muuzaji akurekodie video ya tone chini ya hadubini. Huyu nilimwomba, akasema hana muda.