Uzoefu wangu: seti ya ambrayaji (klachi) ya mafuta kwenye Land Cruiser BJ40, Bukavu

Seti niliyonunua pale Kadutu ina vitu vitatu: emeteri (ile ya juu, nyuma ya pedali), resepteri (ya chini, pembeni ya gia boksi) na mpira unaoziunganisha. Haina jina la kiwanda. Emeteri ni nzuri, resepteri ni ya kurekebisha kwanza, mpira wake usiutumie kamwe.

Kabla hujatoa pesa, soma namba iliyo kwenye chuma, ndiyo kipenyo cha pistoni kwa inchi. Za zamani kwenye gari hili zilikuwa 3/4 juu na 13/16 chini. Muuzaji alianza kwa kunipa emeteri ya 5/8, eti zote zinaingia. Kuingia zinaingia, hesabu ndiyo inakataa. Pistoni ya 3/4 ikisukumwa milimita 30, fimbo ya resepteri hutembea karibu milimita 25 na nusu. Ya 5/8, kwa mwendo uleule, haifikishi hata 18. Pedali itakuwa laini, utafurahi, halafu vitesi ya nyuma (rivasi) italia kila ukiiweka. Hapo ndipo gia boksi nyingi hushushwa bure.

Mpira wa seti: ushike mkononi mtu mwingine akikanyaga. Huu ulivimba kama mshipa, na kila unapovimba unakula mwendo wa fimbo. Nimeweka mpira wa freni wenye nyuzi zilezile, M10 ya hatua 1.0 (milimita 1 kati ya uzi na uzi), nati lazima izunguke kwa vidole hadi mwisho kabla ya kushika ufunguo. Mpira mzee una ugonjwa mwingine: unaziba kwa ndani, mafuta yanashuka lakini yanachelewa kurudi.

Resepteri nayo ilikuwa na mikwaruzo ndani. Pitisha msasa wa maji namba 600 kwa kuzungusha, usivute mbele na nyuma, kisha osha kwa mafuta mapya ya freni. Petroli inaharibu kaushu (mpira wa pistoni unaozuia mafuta). Weka mafuta ya freni ya DOT 3 au DOT 4, chupa isiyofunguliwa. Iliyokaa wazi imeshanywa unyevu, na mvua za huku mnazijua. DOT 5 ya silikoni usiichanganye nazo. Anayekushauri ujazie mafuta ya injini, mwache ajazie la kwake.

Kati ya fimbo ya pedali na pistoni ya emeteri acha nafasi ya milimita 1 hadi 2. Ukiibana, pistoni inaziba kile kitundu cha kurudishia mafuta; mafuta yakipata joto hayana pa kwenda, diski inaanza kuteleza. Mjini hutaiona. Utaiona katikati ya mlima wa Ngomo, njia ya Uvira, na mzigo.

Kutoa hewa kwa kupampu pedali kunachosha na mara nyingi hakumalizi. Sukuma mafuta kutoka chini: sirinji ya famasi ya mililita 60, kipande cha mpira unaoonyesha, kwenye niple (skrubu ya kutolea hewa) ya resepteri. Niple ielekee juu. Punguza mafuta ya kikopo cha emeteri kwanza, la sivyo yatamwagika na kubandua rangi. Mililita 250 zinatosha na kubaki.

Bado inasumbua? Kanyaga, shikilia dakika moja injini ikinguruma. Pedali ikizama polepole na hakuna tone nje, kaushu ya ndani ya emeteri imekwisha. Mafuta yakifuata mkono wa pedali hadi kwenye kapeti, ni kaushu ya nyuma. Inua kifuniko cha vumbi cha resepteri pia. Tone la kahawia humo ni habari tosha. Mwisho weka rula kwenye fimbo ya chini. Ikitembea milimita 25 kamili na gia bado zinalia, achana na mafuta: tazama uma (mkono unaosukumwa na fimbo hiyo) uliopasuka, kitufe unachoegemea kilicholika, au diski iliyoganda.