Pawasaplai ya Kuswichi Kwenye Amplifaya ya Vali: Kasoro Iko Kwenye Kuwasha

Karibuni tena. Mezani leo kuna bodi mbili zinazochukua nafasi ya ile transfoma nzito. Moja inapandisha volti 12 hadi 250 za anodi, yaani bamba la vali linalotaka volti za juu. Nyingine, yenye chipu ya XL4015, inashusha 12 hadi 6.3 za hita, ule waya unaopasha vali moto. Amplifaya yenyewe mnaijua: vali mbili za EL84 za kusukuma spika, moja kila upande, na vali moja ndogo ya ECC83 mbele. Siirudii.

Sasa tazameni kinachoniudhi. Nawasha. Hita zinapepesa, zinazima, zinapepesa tena. Mmesikia hiyo tik, tik, tik ya adapta? Wengi wakifika hapa wanasema bodi ni mbovu. Bodi haina tatizo lolote! Hita hizi zikishapata moto zinakula ampea 1.82: 0.76 kwa kila EL84 na 0.3 ya ECC83. Zikiwa baridi, ukinzani wake ni kama moja ya tano tu ya huo wa moto, kwa hiyo zinataka ampea 9 au zaidi kwa mpigo. Adapta inaona kama shoti, inajikata, inajaribu upya. Transfoma ya kawaida ingevumilia bila kelele, na hapo lazima niisifu.

Dawa iko kwenye bodi yenyewe, ila karatasi yake haisemi. XL4015 hii ina skrubu mbili, ya volti na ya mkondo. Njooni karibu na kamera. Kwanza, bila mzigo, weka volti 6.3. Halafu weka multimita kwenye ampea 10, ipachike pini chanya na hasi za kutokea, na uzungushe skrubu ya pili hadi isome 2.5. Toa multimita, unganisha hita, washa. Mnaona? Volti inaanza chini, moja na kitu, inapanda polepole… inatulia 6.3. Hakuna tik. Ukishusha mkondo chini ya 1.82, volti haifiki 6.3 kamwe, vali zitalia kinyonge na utalaumu kathodi bure. Kipimo cha mwisho chukua kwenye pini za soketi, kwa sababu waya mwembamba unakula volti njiani.

Mtauliza kwa nini sikuchukua LM2596, bodi nyingine ya kushusha volti, bei yake ni nafuu. Kwanza, ampea 1.82 mfululizo inaichemsha. Pili, inaswichi, yaani inakata na kuunganisha umeme, kwa kilohezi 150 (mara 150,000 kwa sekunde), na bodi yetu ya volti za juu iko karibu na 75. Mara mbili ya 75 ni ngapi? Masafa hayo yakipishana kidogo tu, ile tofauti inatokea kwenye spika kama filimbi. XL4015 iko 180, tofauti inabaki juu ya masikio.

Haya, volti za juu. Hapa hasira inapungua. 250 inabaki 250, mzigo uwepo usiwepo, na ile ngurumo ya transfoma haipo. Kabla ya kuweka vali, ijaribu na rezista ya kiloohmu 2.2, wati 50, iliyofungwa kwenye bati la kupoza: inavuta takriban miliampea 114, karibu sawa na vali zetu. Kisha chujio: koili ya milihenri 1 inayobeba miliampea 200, kapasita ya mikrofaradi 47 ya volti 450, na ya filamu ya nanofaradi 100 kando yake. Ongeza rezista ya kiloohmu 220, wati 2, sambamba na kapasita, imalize chaji yake ukizima. Ukizima, subiri dakika nzima na upime kwanza. Volti 250 za DC zinaua.

Rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, ya kuchelewesha sekunde 30 ili hita zipate moto kwanza, iweke upande wa volti 12, kabla ya bodi ya kupandisha. Ukiikata DC ya 250 kwa rilei ndogo, cheche zitakula ncha zake.

Adapta ya volti 12 iwe ya ampea 6. Hesabu inafika kama 3.8, na sipendi kitu kifanye kazi puani. Isiwe ile ya bei ya kutupwa: kwenye bodi hii ya kupandisha, hasi ya kuingilia na ya kutokea ni moja, kwa hiyo kinga yako dhidi ya umeme wa ukutani ni adapta hiyo tu. Chasisi ya chuma iunge na ethi, waya wa ardhini.

Video ijayo ni vali ya EL34, na hita yake ya ampea 1.5 kila moja. Mbili tu tayari zinavuka huo mkondo wa 2.5, kwa hiyo skrubu tutaigusa tena. Bonyezeni kengele.