Ukuta wa jipsamu bila skatingi: nunua nini cha kumalizia pale chini

Miezi saba baada ya kumaliza ukuta wa jipsamu unaotenga sebule yangu na chumba cha wageni, rangi ya chini ilianza kuvimba. Ulikuwa mstari wa upana wa kiganja, kuanzia mlangoni hadi kwenye kona. Nikabonyeza, kidole kikazama. Nikachokonoa kwa ufunguo: karatasi ya bodi ikabanduka kama ganda la kitunguu, na nyuma yake ulikuwepo unga mweupe uliolowa. Fundi alikuwa ameisimamisha bodi juu ya tailizi bila kuacha nafasi, akapaka puti mpaka chini kabisa. Nami ndiye niliyemwambia sitaki skatingi, ule ukanda wa mbao au tailizi unaobandikwa chini ya ukuta kando ya sakafu.

Bado siitaki. Chumba changu ni kidogo, kabati linakaa vizuri likigusa ukuta, na napenda ukuta ushuke wenyewe mpaka chini. Ila sasa najua kwamba ukuta wa namna hii una vifaa vyake, na vifaa hivyo havilingani, hasa kwenye nyumba zetu ambako deki hupigwa kila siku na Jumamosi maji humwagwa kwa ndoo.

Kabla ya kununua chochote, kubaliana na fundi jambo moja: bodi isiguse sakafu. Iachwe juu kwa milimita 10 hivi. Jipsamu na karatasi yake hunyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Wakati wa kufunga, fundi aweke vipande vya tailizi chini ya bodi kama kabari, akishapiga skrubu avitoe. Tunachonunua ni cha kufunika makali ya bodi yaliyokatwa na kuziba huo mwanya.

Namba moja: bidi ya J ya plastiki na silikoni

Kwa nyumba nyingi, nunua hii. Ni ukingo mwembamba wenye umbo la herufi J unaoyakumbatia makali ya bodi kwa chini. Puti na rangi hushuka mpaka kwenye mdomo wake na kuishia hapo kwa mstari ulionyooka, kisha silikoni huziba nafasi iliyobaki.

Dukani nenda na kipande cha bodi yako mfukoni. Bodi za ukutani nyingi ni za milimita 12 au 12.5, za dari huwa nyembamba zaidi, na bidi isiyolingana na bodi yako ama haiingii ama inacheza. Ichomeke hapo hapo kaunta. Ikunje kidogo pia: plastiki mbovu hupasuka au huacha alama nyeupe pale ilipokunjwa.

Utaonyeshwa na ya bati, na huenda ikawa ya bei rahisi zaidi. Ukikaa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, iache. Hewa ya chumvi na maji ya deki huila bati pale ilipokatwa, na kutu hujitokeza juu ya rangi. Kama huna uhakika ni chuma au alumini, beba sumaku, alumini haishiki.

Silikoni ndiyo inayobeba kazi yote, kwa hiyo usiibanie fedha. Chukua isiyonuka siki. Ile yenye harufu kali ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hushambulia zinki ya chaneli za chuma, yaani fremu iliyoshika bodi kwa ndani. Usikubali pia kuuziwa akriliki, kizibo kingine cha tyubu, kwa kuwa tu inapakika rangi. Ni nzuri kwenye nyufa za juu, lakini chini penye deki hailingani na silikoni. Silikoni ya kawaida haishiki rangi, kwa hiyo ukuta upakwe kwanza, silikoni iwe ya mwisho. Rangi yake ifuate grauti ya sakafu (ile inayojaza viungo vya tailizi), siyo ukuta. Mstari utaonekana kama kiungo kimoja zaidi cha tailizi, na jicho litaupita.

Hesabu yake ni hii. Tyubu ya mililita 300 katika mwanya wa milimita 10, ukiijaza kina cha milimita 5, inakwenda kama mita 6. Ukijaza kina chote cha bodi ya milimita 12 unapata mita mbili na nusu tu. Ndiyo maana inafaa kusukumia kwanza kipande chembamba cha povu ndani. Na usisahau kwamba ukuta wa kugawa chumba una pande mbili: wenye urefu wa mita 4 na mlango wa sentimita 90 unahitaji mita 6.2 za bidi. Hapo nanunua tyubu mbili.

Namba mbili: ukingo wa alumini unaoacha kivuli

Huu ndio mzuri kuliko yote kwa macho. Bodi huishia juu kidogo ya sakafu, na chini yake panabaki mfereji mwembamba wenye kivuli, ukuta ukaonekana kama unaelea. Kama ni ofisi au chumba cha kulala kinachofagiliwa na kupitishiwa kitambaa kilichokamuliwa, ununue kwa moyo mweupe.

Sikuuweka namba moja kwa sababu mbili. Mfereji hukusanya vumbi na mchanga, na mtu wa usafi hawezi kuutoa kwa ufagio. Pili, unaumbua sakafu. Mstari wa juu umenyooka kwa leza, wa chini unafuata tailizi, na tailizi zikiwa na mawimbi, mwanya utakuwa mpana huku na mwembamba kule. Kabla ya kulipa, laza rula ndefu ya alumini na pima maji sakafuni kando ya ukuta wote. Ukiona tofauti ya zaidi ya milimita 3, rudi namba moja.

Namba tatu: tailizi iliyozama

Sentimita 10 za chini hazijengwi kwa jipsamu bali kwa bodi ya saruji, na juu yake hubandikwa kipande cha tailizi ya sakafu kikawa sawasawa na uso wa ukuta, bila kutokeza. Ukingo wa alumini hukaa katikati. Kazi ni nyingi na fundi lazima ahesabu unene wa kila kitu: bodi, gundi, tailizi. Lakini jikoni, kwenye korido ya kuelekea bafuni na popote ndoo inapomwagwa, hii ndiyo ya kwanza na hizo nyingine zisubiri.

Namba nne: bodi ya kijani peke yake

Wauzaji husema bodi ya kijani haiogopi maji. Inastahimili unyevu wa hewa zaidi ya ile ya kawaida, ila kusimama ndani ya maji haiwezi. Inunue kama nyongeza ya namba moja.

Kama ukuta wako umeshavimba kama wangu, silikoni ya juu juu itafungia maji ndani. Zima umeme kwanza, maana nyaya nyingine hupita chini. Piga mstari sentimita 15 kutoka sakafuni, kata, toa kilicholowa chote, acha chaneli ikauke kabisa. Mimi nilirudishia bodi ya saruji, nikaunga kwa fiba tepu na puti, chini nikavisha bidi ya plastiki. Rangi ya sehemu hiyo niliipaka ya silki, ambayo inafutika. Fundi mpya aliponiuliza, "Dada, kwa nini tusiweke tu skatingi mambo yaishe?" nilimpa tyubu ya silikoni, nikashika mimi tepu ya karatasi, tukaanzia mlangoni.